Kombe Ndani ya Chupa ya Mvinyo

Katikati ya Bahari,
siku ya kumi na tisa ya safari.

Kwa dada yangu Wahida, Dunda.

Shikamoo dada. Natumai karatasi hii inakukuta u mzima, magoti yamepoa na wale paka wako wawili wamepatana. Mimi mdogo wako nina uzima wa kugawa. Alhamdulillahi, katika ukoo wetu tangu babu wa mababu hajatokea mwenye bahati kama yangu, na kama alitokea basi hakuacha ushahidi.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi. Huku simu haishiki, imebaki kioo cha kujitazamia sura.

Meli hii, dada, ni mji uliosinzia ukachukuliwa na maji. Ina ghorofa kumi na moja. Juu kabisa kuna bwawa, maji juu ya maji, ukilala chali humo hujui kinachokwenda ni wewe, ni meli au ni mawingu. Mazulia yanameza nyayo, watu wanapishana kama wanaoota. Alasiri abiria huketi na bilauri zao wakiitazama nchi kavu inavyofifia, na hakuna anayeonekana kuihitaji tena. Mimi nawahudumia mezani, shati jeupe, tai ya kipepeo. Nahodha ananijua kwa jina.

Wana sheria yao: kila abiria anaruhusiwa kupanda na chupa moja ya mvinyo wa kwake. Akitaka kuinywa mezani, analipia kufunguliwa. Nilicheka mpaka tai ikapinda. Mtu alipie kinywaji alichokuja nacho mwenyewe, kama bibi harusi kutozwa kiingilio harusini kwake!

Ndipo nikaikumbuka chupa yako. Lile kombe ulilokwenda kuandikiwa kwa Maalim Mtoro, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, ukaniambia ninywe funda moja kila asubuhi kwa siku saba ili bahari inizoee. Chupa yenyewe niliileta mimi, ya mvinyo, kutoka hoteli niliyokuwa nafagia. Uliisuuza mara saba, lakini ile karatasi yenye picha ya zabibu ikagoma kubanduka. Basi huku mkubwa wa wahudumu akadhani ni mvinyo wa thamani, akaileta mezani kwenye ndoo ya barafu. Bibi mmoja wa Kizungu akanusa, akafumba macho, akasema huu ni wa miaka mingi mno. Nikamwambia ni wa karne kumi na nne.

Ujumbe wako nimeupata. Nimesikia kwamba Bwanausi fundi makochi ameposa, na watu wake wanauliza siku. Nimesikia pia kwamba Maalim alishauri nimteue wakala akuoze badala yangu, kwa kuwa tangu baba atutoke walii wako ni mimi tu, nawe ukamjibu mbele ya watu: “Siozwi na wakala hali ndugu yangu yu hai. Nitamngoja hata meli izunguke dunia.”

Utauliza ujumbe huo ulinifikiaje huku katikati ya bahari. Hapo ndipo kalamu inapokwama.

Siku ile pale bandarini abiria walipita na chupa zao, moja moja, wakitabasamiwa. Zamu yangu mlinzi akaziona zabibu. Akasema mfanyakazi hapandi na kilevi, nikaimwage mtaroni. Nikamweleza kwamba ni aya, na aya hazimwagwi mtaroni. Akanusa, akasikia marashi, akapoa. Hakuwa mtu mbaya. Akaniambia, “Basi inywe yote hapa, upite.”

Mafunda saba tu, dada. Nikainua macho. Meli ilikuwa imelikinga jua lote, ngazi inatikisika, na chini yake maji meusi. Nikamjibu kwamba nimeagizwa siku saba, siwezi kuvunja agizo la dada yangu. Nikasimama kando na chupa kifuani kama mtu wa dini sana, mpaka meli ikapiga honi ikaondoka. Nimelisingizia kombe lako.

Niko Zinga, kando ya barabara, namenya mananasi ya Kiwangwa. Muzammil wa bodaboda ndiye aliyeniletea maneno yako, na ndiye aliyekukabidhi barua hii. Usimbane, nilimwapisha. Bwawa na mazulia nimeyaona kwenye kijitabu cha picha alichokidondosha abiria mmoja. Wateja wakiadimika nakifungua, naingia humo.

Ijumaa nakuja. Mwambie Bwanausi nikaha iwe baada ya sala, nitakuoza kwa mkono wangu, ingawa utanuka nanasi. Chupa naileta, haijapungua hata tone. Nisalimie Maalim, na majirani waliokucheka kwa kuningoja nisalimie mara mbili. Mola akuweke mpaka tuonane.

Mdogo wako na walii wako,
Hamidu.

Pale juu nilipoandika katikati ya bahari, futa. Sikupanda. Niliogopa.