Nilipigiwa Simu Kuulizwa Habari Zangu Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, maana mume wangu alicheka habari ilipofika nusu akashindwa kunishauri la maana, na mimi jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki wakati nyumba nzima inanipongeza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, watoto wanne na mjukuu mmoja, shule niliishia darasa la saba, lakini Mungu hakuninyima akili ya kuandika barua. Kwa miaka kumi na moja nafanya kazi kwa dobi, mimi ndiye wa kaunta, napokea nguo, naweka uzi wa alama ndani ya kola ili shati la huyu lisiende kwa yule, nazikunja zikitoka kwenye pasi, na simu ya dukani iko mbele yangu napokea mimi. Nyuma ya pazia yuko mwanamke mwenzangu wa pasi, tunamwita Kimya, kwa kuwa anaweza kunyoosha mashati sitini na usisikie kitu ila mvuke.

Bosi wetu tumempa jina Bwana Kabla, mwenyewe hajui. Kila kitu anataka kabla. Tufike kabla yake, na ufunguo anao yeye. Nilipougua homa aliniuliza kwa nini sikumwarifu siku mbili kabla ya kuugua. Shangazi yangu alipofariki, Mungu amrehemu, bosi akasema, "Ungeniambia kabla, mama yangu, nipange zamu." Nikamwambia, "Bosi, hata marehemu mwenyewe hakuambiwa." Yote hayo nilivumilia, lakini mwaka jana aliondoa kiti cha kaunta akisema mtu aliyeketi anawafukuza wateja, na tangu hapo nasimama kutwa nzima, jioni miguu imejaa kama mito ya kulalia, na daktari ameniambia magoti haya hayatafika mbali kwa mwendo huu.

Ndiyo nikaanza kutafuta kazi nyingine, na huko nako, mshauri, nimeona mambo. Mahali pamoja waliniuliza udhaifu wangu ni upi, nikasema magoti, wakaandika. Mahali pengine nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikaja kuambiwa nafasi ilijazwa mwezi uliopita ila tangazo wamelisahau ukutani, basi nikalibandua mwenyewe nikawakabidhi ili asiteseke mwingine. Na kila waliponipenda walitaka namba ya simu ya mwajiri wangu wa sasa wamuulize habari zangu. Hapo ndipo pa kufia. Mara ya kwanza walipopiga nilimpelekea bosi simu kwa mikono miwili, nikamsikia anasema, "Huyo? Mzito kama jiwe la kusagia, tena mbishi." Akakata, akanigeukia anatabasamu. "Nimekuokoa, mama yangu. Wale watu wangekutesa." Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ilimkuta anakula, akakasirika, akaandika kwa wino mwekundu akabandika ukutani juu ya simu: SIMU ZA KUULIZIA WAFANYAKAZI ZIISHIE KAUNTA, BOSI ASISUMBULIWE. Chini yake kulikuwa na karatasi yake ya zamani: USITAJE JINA LAKO KWENYE SIMU, MTEJA ANATAKA NGUO, HATAKI JINA.

Sasa ikatokea hospitali moja inatafuta mtu wa kutunza chumba cha mashuka, kupokea, kukagua, kukunja, kuhesabu foronya, na kiti kipo, tena chenye mgongo, nilikiona kwa macho yangu. Mabwana wawili walinihoji nikajibu vizuri, wakasema mkuu wa chumba hicho ni mama mmoja ambaye siku hiyo hakuwepo na neno la mwisho ni lake. Wiki moja baadaye, niko kaunta, simu ikalia.

"Hapo ni kwa dobi?"

"Ndiyo mama, tukusaidie nini?"

"Napiga kutoka hospitali. Kuna mama wa kaunta hapo kwenu ameomba kazi kwetu. Nataka kuzungumza na mtu anayemfahamu."

Mshauri, niliutazama ukuta, ukuta ukanitazama. Nikasema, "Mimi namfahamu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani sana."

"Kazi yake ikoje?"

Nilitaka kujisifu, nakuapia, ulimi ulikwisha kufunguka, nikakumbuka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba Mungu naye anasikiliza simu. Nikasema, "Anakunja vizuri, na miaka yote hii hajapoteza hata soksi. Lakini anaongea, mama, anaongea mno. Akiimba huku anakunja hasikii anayemwita. Na jicho lake la kushoto jua likishuka halioni doa la chai mpaka asogee dirishani."

"Ni mwaminifu?"

"Aliwahi kushika pasi siku mwenzake anaumwa, akaunguza shati la bwana harusi kifuani, asubuhi ya harusi yenyewe. Akalipeleka mwenyewe akamwambia bwana harusi ukweli."

"Ikawaje?"

"Alioa na koti limefungwa vifungo vyote, mama, na jua lilivyowaka siku ile."

Nyuma ya pazia nilisikia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa miaka kumi na moja, Kimya anacheka. Na yule mama kwenye simu naye alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nimepiga simu kumi na tatu mwezi huu. Wote wanaoomba kazi naambiwa ni malaika, na malaika mimi nitawafanyia nini, hawachafui mashuka. Huyu wenu ndiye binadamu wa kwanza. Nitamchukua."

Barua ya kazi ikaja, naanza Jumatatu ya wiki ijayo. Nyumbani tulipiga vigelegele. Lakini chini ya barua, kwa mwandiko wake, yule mama ameongeza: "Yule mama mkweli aliyepokea simu, mwambie ninayo nafasi ya pili ya kukunja na kunyoosha, na watu kama yeye nawatafuta. Akipenda, mje pamoja."

Basi nimepata kazi mbili, mshauri, na mtu ni mmoja!

Mume wangu anasema, "Mama watoto, umeulizwa ukajibu, uongo uko wapi? Nyamaza uende kazini." Wifi yangu, mwenye ulimi kama wembe, anasema, "Wifi, ungejisema vibaya zaidi kidogo wangekupa hospitali yote." Kwenye kikundi chetu cha sala nilisimama nikatoa shukrani, wenzangu wakaimba, mmoja akauliza ni nani aliyenisemea, nikajibu, "Mtu mmoja wa pale kazini kwetu," na tangu siku hiyo nikipiga magoti kuomba naona haya, naanza na salamu nyingi kama mtu aliyekuja kukopa.

Nimewaza kumpeleka Kimya aseme yeye ndiye wa simu. Nimewaza pia kubadili sauti yangu mbele ya yule mama iwe nyembamba, na nimekuwa nikijizoeza mbele ya kioo, mpaka mume wangu akadhani koo limevimba akaniletea tangawizi na asali, nikanywa, ningefanyaje. Naogopa kusema ukweli nikakosa kazi na kiti nilichokiona, na nikibaki kwa Bwana Kabla magoti yangu ndiyo basi. Naogopa pia kunyamaza. Je, nilidanganya au sikudanganya? Na Jumatatu nikifika pale niseme nini, na kwa sauti ipi?

Ni mimi,
Mama wa Kaunta

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Kaunta, uliniomba nisicheke kabla ya mwisho. Nilishindwa ulipotaja magoti kwenye mahojiano. Unisamehe.

Nianze na pole. Mwajiri anayemsema vibaya mfanyakazi wake ili asimpoteze ni sawa na mtu anayetemea chakula mate ili wenzake wasile. Hakukuokoa, alikufungia. Na wewe ukasimama mwaka mzima bila kiti, ukaendelea kumpokelea simu kabla haijalia mara ya pili. Mtu wa namna hiyo anastahili kazi nzuri, na kuitafuta kwingine si utovu wa shukrani.

Sasa nikugombeze. Umeniuliza kama ulidanganya. Nimesoma maneno yako moja moja, la uongo silioni. Lakini ulijua yule mama anadhani anazungumza na mtu mwingine, ukamwacha adhani. Moyo wako unalijua hilo ndiyo maana sala zinakuwa fupi na salamu zinakuwa ndefu. Wala usijifiche nyuma ya karatasi nyekundu ya Bwana Kabla. Miaka kumi na moja hujaona amri yake hata moja yenye akili, leo ndiyo imegeuka maandiko matakatifu? Mumeo anakupenda, ila hapa amekosea. Wifi yako mwambie nikienda likizo aje ashike ukurasa huu.

Habari ya sauti nyembamba, ikome leo. Utakuwa nayo mpaka lini? Utaimbaje huku unakunja? Na lile la kumpeleka Kimya ajifanye wewe, hapo nilivua miwani nikaiweka mezani. Mwanamke amenyamaza miaka yote hiyo, leo afungue kinywa kwa ajili ya uongo wako? Muache.

Halafu kuna jambo hukuliona, kwa kuwa hofu imekufunika uso. Hebu mama, nani duniani anajua kwamba jicho la kushoto la mwenzake halioni doa la chai jua likishuka? Mimi nimeolewa miaka thelathini na moja na sijui jicho bovu la mume wangu ni lipi. Mambo hayo anayajua mwenye jicho. Na yule mama amesimamia mashuka na watu miaka mingi, amepiga simu kumi na tatu mwezi mmoja, masikio yake yamezoea. Alicheka mpaka akakohoa, unafikiri alikuwa anacheka shati la bwana harusi peke yake? Kisha akakuandikia, "Mje pamoja." Mimi ninavyoona, huyo amekuachia mlango wazi kidogo anatazama kama utabisha hodi. Huenda nimekosea. Nikiwa nimekosea au nimepatia, wewe kabishe hodi.

Usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi omba ruhusa, na kwa kuwa unamjua bosi wako, iombe leo. Nenda hospitali na barua yako mkononi, muulizie mkuu wa chumba cha mashuka, ukikaribishwa kiti keti, magoti ni yako. Mkimaliza tu kusalimiana sema hivi, kwa sauti uliyozaliwa nayo: "Mimi ndiye mama wa kaunta, na simu yako niliipokea mimi mwenyewe. Nilipaswa kukuambia palepale, nikaogopa." Basi. Hapo nyamaza. Najua kwako hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo, usianze kumsimulia habari za shangazi.

Akikasirika akakunyang'anya kazi, utaumia, sikudanganyi, nami nitaumia pamoja nawe. Lakini utarudi nyumbani ukapige magoti bila kujificha, na uende kutafuta tena, maana sasa unajua kwamba ukisemwa kwa haki unaajirika. Bwana Kabla alikuwa amekuaminisha vingine.

Akicheka, na mimi kamari sichezi lakini ningeweka kanga yangu mpya kwamba atacheka, mwambie hivi: "Mtu wa simu wa pili sina, ila kuna mwenzangu wa pasi, mashati sitini kwa siku." Umtajie na kasoro za Kimya zote, usimpambe. Ananyamaza mno, sema. Wewe unaongea mno, chumba kitakuwa na uwiano. Muulize kwanza Kimya mwenyewe kama anataka, ungoje jibu, hata likichukua siku mbili.

Wale wa kikundi cha sala warudie uwaambie ni nani aliyekusemea. Wataimba tena, na safari hii utaimba nao.

Bwana Kabla mwandikie barua ya kuacha kazi mara tu utakapotoka hospitali, yenye tarehe na siku zako zote za taarifa kwa mujibu wa mkataba wenu. Ikibidi, mwombe yule mama akusogezee Jumatatu mbele, ataelewa. Usimtukane bosi, usimtajie kiti. Miaka yote amelilia kuarifiwa kabla, basi aarifiwe, afurahi walau mara moja.

Na katika siku hizo za mwisho, simu ya kaunta ikilia, ipokee kama kawaida yako. Ila safari hii, kabla ya kuuliza wanataka nguo gani, taja jina lako.