Maziwa ya Umugwaneza

Goma, Katindo, jumatano asubui

Papa mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima yote, weye na kaka Janvier pamoja na watoto wake kule Kampala. Kifua chako kinaendelea namna gani? Ile dawa ungali unakunywa, ao umeisha kuiacha na kichwa nguvu yako ile? Sisi huku tunapumua, Mungu anasaidia. Barua hii nimemupa Onésime mukononi, anayekuja huko kwenu, juu kwa simu ningelia tu na usingesikia kitu.

Uliniuliza mara nyingi kama nilifika Kibumba kwa dada yako, shangazi Nyiransabimana, kumupelekea kikwembe, kitenge cha arusi, na kumuomba akuje kunitoa nyumbani siku ile. Nilikujibu kama nilifika. Ni kweli, Papa, nilifika.

Tulienda jumamosi na gari ya Achille, muchumba wangu; nilipanga kumuonyesha watu wangu tukifika kule. Mama yake naye akasema anakuja, juu viazi na mashu, yale makabichi ya kule, bei ni chini. Kibumba haijabadilika hata kidogo. Hata wakati wa watalii, wote walikuwa wanaishia Kibati ku volkano, hakuna aliyejua kama mbele kuko watu. Ni ukungu, baridi, na ile barriere ya mupaka wa Rwanda ambapo askari anasinzia. Watoto wanakusalimia kwa Kiswahili, kisha wanageuka kugombeza mbuzi kwa Kinyarwanda, bila hata kujua kama wamebadilisha luga. Roho yangu ilifurahi, nikaanza kutafuta nyumba kwa macho.

Kumbe mama Achille, mule mu gari, alikuwa na yake. Akaanza kusema kama watu wa mupakani hawaaminike, leo wako huku, kesho ngambo, na yeye hawezi kuingiza mutu wa vile mu jamaa yake. Achille akamuambia aache maneno hayo. Mimi nikageukia dirisha. Unajua kama kwao wananiita Bénita tu, na Kinyarwanda changu nimekificha tangu siku ya kwanza. Si mimi peke yangu, Papa. Huku Goma siku hizi tuko wengi tunaomeza luga yetu mbele ya watu.

Mama Achille akaona viazi vimepangwa mbele ya nyumba moja, akasema tusimame. Ilikuwa ile nyumba ya shangazi. Nilikuwa nimetuma neno kama nakuja, basi shangazi akatoka mbio, ameshika inkongoro, kile chombo cha muti cha maziwa, kwa mikono yote mbili, vile anavyopokea watoto wa nyumba yake tu. Akaanza kunisalimia mu Kinyarwanda. Mama Achille akaniuliza kama tunajuana.

Papa, unisamehe. Nilisema hapana. Nilisema labda mama huyu amenifananisha na mutu mwengine.

Shangazi akaniangalia kidogo. Kisha akacheka, akaomba pardon, akasema macho yake imezeeka. Akarudisha maziwa ndani, akatuletea Fanta ya wageni. Akatuuzia viazi, akatuongezea mashu bure, na mimi akaniita madame. Mama Achille akamusifu kabisa kwa roho yake nzuri. Héé, Mungu wangu! Nilikunywa ile Fanta mupaka chupa ikaisha.

Tulipopanda gari, akasogea ku dirisha yangu. Akasema, tena kwa Kiswahili safi, kama kule Goma yuko na mutoto wake, anaitwa Umugwaneza, na leo alimungojea. Madame akimukuta, amuambie kama maziwa yake ingali iko, haikumwangika.

Kikwembe kilikuwa mu sac yangu ya mukono, ku magoti. Sikukitoa. Sasa kiko mu kabati na siwezi kukiangalia.

Usipange bado safari ya kuja, Papa. Ijumaa nitamuambia Achille jina yangu na watu wangu, akiondoka, aondoke. Jumamosi nitapanda pikipiki peke yangu mupaka Kibumba, nimupigie shangazi magoti. Sio matusi yake naogopa, hata akinipiga ni haki yake. Naogopa atanifungulia mulango vizuri, anikaribishe niikale, na aniletee tena Fanta.

Unisalimie kaka Janvier, na watoto wote mumoja mumoja. Uniombee, hata kama umekasirika.

Mutoto wako,
Umugwaneza