Joka la Mbao

Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Mawingu yamekaa juu ya kilima tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki.

Sijala. Mikono yangu haitulii, nami ni seremala niliyefundishwa na mapadri wa Kasongo kwamba mkono usiotulia usishike msumeno. Basi leo imeshika kalamu.

Wiki tatu zilizopita Bwana wa mgodi huu wa dhahabu aliniita. Alitaka mchezo kwa ajili ya sikukuu ya wafanyakazi: wagoneti tatu za kubebea mawe zitiwe viti, zishuke kilima kwa reli, zipite ndani ya shimo la zamani, zitokee upande wa mto. Kwao Ulaya, alisema, watu hupenda sana michezo ya namna hiyo.

Shimo la zamani. Mwaka jana liliwaangukia watu watatu, na tangu siku ile hakuna aliyekubali kuingia tena, hata kwa fimbo.

Nilitengeneza viti, nikafunga breki. Siku ya kujaribu walipanda makapita wanne, wasimamizi wa wafanyakazi, kwa kuamriwa. Walishuka mbio, wakatokea upande wa pili macho makavu. "Ni kubebwa tu, sawa mawe," mmoja akasema.

Hapo ndipo nilipopata akili ambayo leo naijutia. Niliona kwamba mbio peke yake haimfurahishi mtu. Mtu anataka kujua anakwenda wapi, nani anamngoja huko, na atarudije. Nikachonga kinywa cha joka, nikakipaka chokaa na udongo mwekundu, nikakisimamisha mlangoni pa shimo. Kisha nikaenda kwa Mama Zaina, mjane anayeuza vitumbua kambini, maana hakuna anayemshinda kwa hadithi. Mumewe ni mmoja wa wale watatu.

Nilimwomba awasimulie watakaongoja zamu habari za joka la kilima, linalomeza watu na kuwatapika wakiwa wazima. Aligeuza kwanza vitumbua vyake motoni.

"Nitasema, mwanangu," akajibu. "Hata mimi nataka kuisikia."

Jana ilikuwa sikukuu. Mama Zaina alisimulia polepole, na watu wakaanza kuogopa kabla hata ya kukaa vitini. Aliwafundisha wimbo wa kuimba gizani ili joka lilegee. Watu wasiosalimiana kambini walishikana mikono. Walipotokea kwenye mwanga walilia, wakacheka, wakakumbatiana, wakarudi nyuma ya mstari. Mke wangu alipanda mara tatu. Reli ni zile zile, mbio ni ile ile ya siku ya kujaribu.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Safari ya mwisho nilipanda mimi. Katikati ya wimbo nilisikia nguzo za shimo zinalia juu ya kichwa changu. Udongo ukanidondokea shingoni. Naijua sauti ya mti uliochoka.

Nilitoka nikicheka pamoja na wengine. Sikusema neno.

Leo asubuhi kengele ilipolia, Bwana alisimama mbele ya watu akasema kwamba jana wote wameona shimo halina ubaya, basi kazi inaanza tena humo. Watu kumi na mmoja walisogea bila kulazimishwa.

Nikamkimbilia kapita wao, nikamweleza habari za nguzo. Alicheka.

"Yohane, jana ulitupitisha mule tukiimba. Leo unaogopa nini? Shimo iko muzuri."

Wakaingia.

Nilikaa mlangoni mpaka saa tisa walipotoka. Wote kumi na mmoja, wazima. Kapita alinipiga begani: "Unaona?" Walipoondoka niliingia peke yangu na taa. Nguzo ya nne imepasuka kutoka juu hadi chini. Mkono wangu uliingia ndani ya ufa mpaka kifundoni.

Nikaenda kwa Bwana. Alisema nitatia mti wa kusaidia wiki ijayo, na nikieneza hofu nitachapwa mbele ya kambi nzima.

Nikaenda kwa Mama Zaina, nikamweleza yote. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua macho.

"Joka langu linatapika watu, Yohane. Kilima hakitapiki. Wewe ulijua, na mimi nilijua."

Tumekubaliana. Kesho kabla ya kengele tutasimama pale mlangoni, yeye na mimi. Yeye atawaambia kwamba hadithi aliitunga kwa uchungu wake, na atamtaja mumewe kwa jina. Mimi nitawaonyesha ufa, na nitasema mbele yao wote kwamba nilisikia tangu jana nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa napenda kushangiliwa. Wakinichapa, wanichape.

Fimbo siiogopi sana. Naogopa nyuso zao. Watu niliowafundisha kulifurahia giza, nitawafundishaje kuliogopa tena kwa asubuhi moja?