Kebo Iliyogongwa Baba Akiwa Juu

Nyumba za Mafundi,
Kando ya Daraja.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini umeshaacha kupanda ngazi kwa ubishi. Sisi ni wazima. Kaka yako pia ni mzima, nakuomba ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Uliniuliza kuhusu kazi yangu ya darajani. Nimepewa koti la njano, nawapanga wageni kwenye mstari. Wanatoka mbali kuja kuliona daraja letu, kebo zake zimetanda kutoka mnarani kama nyuzi za zeze. Lakini wanachopenda zaidi ni kugonga kebo kwa kijiwe na kuweka sikio, maana huvuma muda mrefu. Msimamizi huwaambia ukigonga mara mbili ombi lako linafika. Linafika kwa nani, hasemi. Mimi hutabasamu tu. Mdomo wangu unaujua, mzito kama kufuli.

Shida ni kwamba mafundi nao huongea kwa kugonga kebo hizo hizo, kwa sababu juu upepo unameza sauti. Pigo moja, mwenzao wa winchi, ile mashine inayovuta kamba ya kiti wanachokalia, anakisimamisha. Mapigo mawili, anakishusha. Ndiyo maana siku za ukaguzi njia ya wageni hufungwa.

Alhamisi Baba alikuwa juu. Yakaja mabasi mawili, msimamizi akafungua geti, eti wageni wa mbali hawarudishwi. Nilimkumbusha kwa sauti ndogo kwamba kuna fundi kazini. Akacheka.

"Mwanangu, hiyo ni kebo, siyo kengele ya shule."

Bibi mmoja akagonga mara mbili. Kiti cha Baba kikashuka ghafla, na mkono wake ulikuwa ndani ya kibanio cha chuma kinachoshika kebo, ukanaswa. Akawahi kugonga mara moja, kikasimama. Niliona buti lake likitafuta pa kukanyaga. Winchi iko ng'ambo ya barabara, magari yanapita, na nyuma ya yule bibi kila mtu alikuwa na kijiwe chake.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Basi nikaikumbatia kebo pale pale wanapogonga, kifua na shavu. Kijana mmoja akaniambia niwapishe, wamelipa. Mwingine akasema huyu ameomba mume, hatoki mpaka apewe. Watu wakacheka. Msimamizi akanivuta koti. Ndipo niliposema, na sauti sikuitambua:

"Aliye juu ni baba yangu. Mkigonga tena, mkono wake unakatika."

Kicheko kikakoma. Yule bibi akatupa kijiwe, akawageukia wenzake na kutanua mikono kama anayezuia kuku wasiingie jikoni. Nilibaki hivyo hadi shavu langu liliposikia mapigo mawili, taratibu, ya nyundo. Huyo alikuwa Baba, ameshautoa mkono, anaomba kushushwa.

Vidole vyake vimevimba, lakini vyote vinakunjika. Alinifuta shavu kwa leso yake, ingawa ile ilikuwa alama ya kebo, siyo uchafu.

Jana msimamizi aliniita. Wageni wanachofuata ni kugonga, alisema, na kazi ni yangu nikijua kunyamaza. Mama ana hofu, anasema kazi haziokotwi. Jumanne Baba anapanda tena. Koti nimelifua, kesho nalirudisha. Jumanne nitasimama kwenye kebo ile ile bila koti. Niombee sauti isinikimbie.

Nisalimie Babu, na Bwana Maswali, mtoto wako wa mwisho. Mungu awalinde walio juu na walio chini.

Ni mimi nikupendaye sana,
Binti wa kaka yako.