Aliyepiga Kelele ya Kwanza

Nyamitanga, Mbarara

Kwa Yaya wangu, kaka yangu mkubwa Samweli,

Salamu nyingi kutoka upande huu wa mto Rwizi, kwako wewe, kwa wifi yangu, na kwa wote wanaolala chini ya bati lako. Mgongo unaendeleaje? Uliniambia ulianguka mlipokuwa mnaezeka kanisa; natumaini sasa unaweza kuinama shambani. Mimi ni mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika na vimefungwa, ndiyo maana maandishi yangu yamepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Vumilia. Sikutaka kukutumia sauti kwa simu, kwa sababu najua unasikiliza simu uwanjani na watu wamekuzunguka. Mama wa vitenge anayekuletea barua hii hajui kilichomo. Isome peke yako kwanza, wifi asubiri.

Mwanao Neema yuko hai. Naliandika hilo mbele ili usiruke mistari ukilitafuta.

Barua yako ya mwisho uliniuliza jambo, ukalifanya mzaha: "Tulikusomesha ukimbize magonjwa, sasa unakimbiza karatasi." Wewe ulibaki na mihogo ya Papa, baba yetu, ili mimi nisome Bukavu, kwa hiyo una haki ya kuuliza. Sikukujibu. Leo nitakujibu, maana bila hilo hutaelewa nililomfanyia mtoto wako.

Unakumbuka nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nilikuwa na diploma yangu ndani ya mfuko wa nailoni na nguo moja. Walinipa kazi ileile niliyokuwa nikiifanya kwenye zoni ya afya huko nyumbani: kufuatilia milipuko. Nilitembea nyumba kwa nyumba katika Rubondo, mtaa mmoja wa kambi, nikiuliza nani anaharisha, alikula na nani, maji alichota wapi. Kipindupindu kilipoingia, tuliweka watu kwenye visima vya pampu wa kutia dawa katika kila kidumu. Mmoja wao alikuwa Mzee Elia, shemasi, mtu wa kwetu kabisa.

Siku moja likatoka neno kwamba dawa ile ndiyo inayoua watoto. Sijui lilienda vipi kwa kasi ile. Saa nne asubuhi watu walikuja kisimani na majembe. Mzee Elia hakukimbia. Alinyanyua bomba la sindano la kupimia dawa ili wote walione, akasema, "Muone, miye mwenyewe ninakunywa." Akajimiminia mdomoni. Jembe lilimpata shingoni kabla hajameza. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, Yaya. Mwanamke mmoja alinivuta ndani ya kanisa, akanilaza chini ya mabenchi, na kutoka pale niliwasikia wakiendelea kumpiga hata alipokuwa hana sauti tena.

Walipotulia nilifanya nilichosomea. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikauliza kila mtu neno lile alilisikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka siku ya tano nikafika kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni na nguo za mtoto wake mapajani. Mtoto alikuwa amezikwa usiku wa kuamkia siku ile ya majembe. Aliniambia, "Nilisema tu, labda ni ile dawa." Niliichana karatasi yenye jina lake. Mjane wa Elia alikuwa akinifuata kila Jumapili baada ya ibada: "Dokta, ni nani?" Nikamwambia sijui. Alijua ninadanganya. Mwishowe akaacha kunisalimu, na wale wenye majembe mpaka leo wanalima Rubondo.

Baada ya hapo sikuweza tena kubisha mlango wa mtu na kumuuliza swali. Ndipo nikaomba kazi ya kupanga mafaili kwenye chuo kimoja kidogo hapa Mbarara. Watu wakaona najua kuhesabu na sipotezi karatasi, wakanipandisha hadi naibu msajili, kisha msajili. Nilipenda biro ile, ofisi ya mafaili, kwa sababu hakuna mtu anayekufa ndani ya faili. Ukaniletea Neema, akaanza masomo ya uuguzi, akawa analala hosteli ya wasichana ya Ruti na Jumamosi anakuja kwangu, shangazi anayemwita Tantini, kunipikia sombe ya majani ya mihogo. Tuliishi vizuri.

Sasa sikiliza.

Hosteli ilikuwa inaibiwa kompyuta. Wasichana walikuwa wamechoka na wamekasirika. Alhamisi moja, mchana kabisa, nilikuwa nimekwenda kukagua vyumba pale Ruti, nipo chumba cha mlinzi nikiandika, nikasikia kelele moja ya mwanamke, halafu nyingi. Nilipotoka uwanja ulikuwa umejaa wanafunzi, wasichana na wavulana waliokimbilia kelele. Pembeni kuna jengo ambalo halijaisha, na matofali yake yalikuwa yanapita mikono kwa mikono kama wakati wa ujenzi. Katikati kulikuwa na kijana mwanamume, shati limechanika, anashikilia mkoba kifuani na kusema, "Muulizeni Denise. Muulizeni Denise."

Mlinzi, mzee aliyewahi kuwa jeshini, alinishika mkono. "Madamu, wewe usiende. Hii watu sasa hapana sikia mtu."

"Piga simu polisi," nilimwambia.

"Nimepiga. Wanasema gari hakuna mafuta."

Yaya, sikuwa jasiri. Nilichokiona ni mabenchi ya kanisa la Rubondo, nikajua nikilala chini tena sitaamka. Nilisukuma watu nikiwaita kwa majina, maana mimi ndiye ninayeandika majina yao wote. Wengine waliposikia majina yao walishusha mikono. Wengine hawakusikia. Kijana alikuwa ameanguka kifudifudi. Mmoja alimkanyaga kichwa kwa kiatu, akainua mguu akamkanyaga tena. Nilimlalia juu. Tofali lililovunja vidole vyangu lilikuwa linakwenda kwenye sikio lake.

Mlinzi alifyatua risasi moja hewani, ndipo wakatawanyika. Tulimpakia kwenye gari la chuo, kichwa chake mapajani mwangu, damu ikipita kwenye sketi mpaka kwenye viatu. Alikuwa bado anasema jina la Denise, polepole. Tulipofika darajani alinyamaza. Dereva alinitazama kwenye kioo, nikamwambia aendelee tu, lakini niliitoa mikono yangu kifuani mwake kwa sababu hapakuwa na kitu tena cha kuhisi.

Jina lake Amos. Alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda sokoni. Denise, anayelala chumba kimoja na Neema, ndiye aliyemwita aje kuchukua kompyuta yake iliyoharibika.

Jioni polisi walipata mafuta. Wakakamata vijana kumi na mbili, karibu wote ni watoto wetu kutoka Nakivale, kwa sababu Kinyankole chao, lugha ya wenyeji, si kizuri na hawakujua kujitetea. Niliwaona kesho yake kituoni. Mmoja alikuwa na jicho limefungwa kabisa, mwingine hawezi kukalia upande mmoja. Watatu kati yao nilijua hawakuwepo. Walikuwa kwenye mtihani, na karatasi yao ya mahudhurio niliisaini mimi. Mkuu wa chuo aliniita akasema nimpe majina kumi ya kufukuza ili jambo liishe kabla ya sherehe ya mahafali. Nikamwomba siku tatu. Akasema, "Za nini?" Nikamwambia, "Za kuuliza."

Nikafanya tena ile kazi niliyoikimbia. Mkono umefungwa, nilikwenda chumba kwa chumba. Ulisikia nini? Kwa nani? Alikuwa amesimama wapi? Wengine walilia, wengine walinifungia mlango. Nilichora mistari kwenye karatasi, jina kwa jina, na siku ya pili nilishapata wawili waliomvunja kichwa. Waliowaona walikuwa wengi. Lakini nilitaka kelele ya kwanza. Siku ya tatu mistari yote ilikuwa inapanda ngazi ileile hadi ghorofa ya pili, na Denise akaniambia huku ameangalia ukuta, "Mumuulize Neema, mama. Miye sitaki kusema."

Neema alikuwa jikoni kwangu anatwanga sombe. Nilimwambia aweke mchi chini.

"Tantini, nilimuona anatoka mu chumba yetu na sakoshi ya kompyuta," alisema. "Nilizani ni mwizi. Nilisema neno moja tu."

"Denise alikuwa wapi?"

"Alikuwa mu choo. Alitoka mbio, akasema huyu ni fundi, miye ndiye nilimwita."

"Ulimsikia?"

Aliokota jani moja la sombe sakafuni. "Nilimusikia."

"Walikuwa wameshaanza kumpiga?"

"Balikuwa bamemushika tu. Bado."

Yaya, nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa na karatasi mkononi na jiko lilikuwa linawaka. Nilimfikiria mjane wa Elia, nikauliza lililobaki.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Bangesema namutetea mwizi, bangenigeukia miye." Kisha akasema mwenyewe, bila mimi kuuliza, "Na nilitupa tofali. Moja. Kila mutu alikuwa anatupa."

Nilimpiga. Nakuambia ili usilisikie kwa mwingine. Nilimpiga kofi kwa mkono mzima, mara mbili, mpaka akakaa chini sakafuni, na nilipoona mkono wangu unainuka mara ya tatu niliogopa, nikatoka nje nikakaa ngazini. Baadaye alikuja akakaa kando yangu, damu kidogo mdomoni.

Asubuhi nilimwambia ninakwenda kituoni na karatasi yangu, na jina lake limo. Kwamba anaweza kubaki wakamfuate, au kuja nami. Alinawa uso, akavaa sare yake ya uuguzi, nikamwambia aivue avae nguo ya kawaida. Tulivuka daraja kwa miguu. Mlangoni pa kituo alinishika mkono wenye bendeji, akaubana bila kujua, na mimi sikumwambia unauma.

Vijana wasiohusika waliachiwa siku ileile. Wale wawili wako ndani. Neema naye yuko mahabusu upande wa wanawake. Mwanasheria wa msaada anasema kujipeleka kutamsaidia mbele ya hakimu, lakini hakuahidi, na mimi sikuahidi. Mkuu wa chuo hajanifukuza, ila ofisini wananyamaza nikiingia. Watu wetu wa Ruti wanasema nimeuza damu ya kaka yangu kwa Wanyankole. Jumapili iliyopita mtu alitupa jiwe dirishani kwangu nikiwa mezani. Nilifagia vioo nikaendelea kula.

Nilikwenda mazishini kwa Amos. Mama yake alitaka kujua alisema nini mwishoni, nikamwambia. Akaniuliza Denise ni mchumba? Nikamwambia hapana, ni mteja. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia.

Nilipomtembelea Neema mara ya kwanza alinikataza kukuandikia. Mara ya pili alisema, "Muandikie Papa. Lakini usiseme balinisukuma. Sema nilimusikia Denise." Nimeandika kama alivyosema.

Uliniachia mtoto, na mimi nimempeleka kule. Ukiona nimekukosea, njoo uniambie usoni, kitanda kipo. Usiponijia mimi, mjie yeye. Siku za kuona wafungwa ni Jumamosi, na huwa anaangalia nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu.

Msalimie wifi, mama wa Neema. Mwambie binti yake anakula, na usiku halali peke yake. Msalimie Mama Mkubwa na macho yake, Mchungaji aliyetubatiza, na mdogo wetu Tabita na mapacha wake. Msalimie baba wa ubatizo wa Neema, na kwake usifiche kitu.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja neno lako hata likiwa kali,

Esperansi