Mtani, Nilisikia Bati Lako

Mtani wangu Shamte,

Nakuandikia nyuma ya karatasi yenye sura yangu. Zimebaki nyingi, zile picha za kampeni ulizosema zinafaa kutishia nguruwe. Nimekaa dunguni kwangu, juu ya kichanja changu cha kufukuzia ndege, saa tatu ya asubuhi, na bonde lote limebaki mabua. Mpunga wako tumeuvuna. Mkeo, shemeji Mwajuma, aliukata na wanawake wenzake, mimi nikabeba magunia mpaka mlangoni kwako, nikayatua, nikageuka. Nyumba yako siku hizi naiogopa.

Leo saa kumi alasiri fomu za udiwani zinafungwa. Ulipokufa uchaguzi uliahirishwa ili chama chako kilete mtu mwingine, lakini kila wanayemfuata anasema ana mgonjwa nyumbani. Ikipita saa kumi bila jina jingine, mimi Athumani, mla kambale uliyesema hawezi kuongoza hata kuku kuingia bandani, nitakuwa diwani wa kata hii. Nitapita bila kupingwa. Ungecheka mpaka ukakohoa, nami ningekutukana, na ingekuwa raha sana.

Haitakuwa hivyo, na nataka sababu uisikie kwangu mwenyewe. Lakini kwanza kuna jambo nimelificha tangu siku ile, na siwezi kufika kwenye hilo la fomu bila kupita hapa.

Tulianza vizuri, au sivyo? Babu yako Mmatumbi aliposhuka huku kutafuta shamba, babu yangu Mndengereko alimpokea kwa matusi, na tangu hapo sisi ni watani. Diwani wetu alipofariki kwa maradhi, tukachukua fomu wote wawili, kila mmoja na chama chake, watu walidhani utani umekwisha. Kumbe ndiyo kwanza tumepewa vipaza sauti. Ulipanda jukwaani ukasema mimi nitalala kwenye vikao vya halmashauri kama ninavyolala dunguni. Kesho yake nami nikasema mwaka huu nakuzika, na urefu wako nimeshaupima kwa kamba ya mbuzi. Ulikuwa umesimama nyuma ya umati wangu siku hiyo, umejifunika kanga ya mkeo. Ulicheka kuliko wote.

Kampeni ilikuwa na watu wengine ambao si watani. Watu wangu waliurushia mawe mkutano wako pale sokoni, mwanamke mmoja muuza vitumbua akatobolewa jicho. Watu wako wakamvuta mwenzetu kutoka kwenye bodaboda, wakamkanyaga mpaka akatapika damu. Tulikwenda wewe na mimi kuwaomba watulie, tumeshikana mikono. Tukapigwa mawe na pande zote mbili. Unakumbuka tulivyojitupa kwenye shimo moja la tofali? Ulikuwa unatokwa damu sikioni na bado ukaniambia nisikulalie, nanuka samaki.

Halafu ukatangaza kwamba Jumamosi utasoma mkutanoni majina ya waliogawa kwa siri mashamba ya ng'ambo ya mto. Nilikufuata nikakuomba uache. Ukaniuliza, "Unaogopa jina lako limo?" Halikuwamo, na wewe ulijua. La Kombo lilikuwamo, huyu Kombo aliyekuwa akishika kipaza sauti kwenye mikutano yangu, na hilo nalo ulinionyesha kwa kidole kwenye karatasi yako. Nami sikumfukuza. Nilihitaji sauti yake mpaka siku ya kura, huo ndio ukweli.

Ijumaa ile asubuhi tulikuwa tunaamia ndege, wewe kwako, mimi kwangu, matete katikati yetu. Kampeni au si kampeni, mpunga ukiiva ndege hawasubiri. Desturi yetu unaijua, lakini acha niiandike, maana ndiyo iliyonidanganya. Mmoja akipiga bati na ukelele, jirani yake lazima ajibu, ndege wasihamie kwake. Na sisi watani kujibu kwetu ni kwa tusi. Ukipiga, nakutukana. Nikipiga, unanitukana. Miaka yote ndivyo kila mmoja alivyojua kwamba mwenzake ni mzima.

Ulipiga bati. Ulipiga kwa nguvu, ovyo ovyo, ukapiga na kelele. Mtani, ulipiga kelele kubwa. Nami nikasimama, nikashika bati langu, nikajibu kwa sauti yangu yote: "Piga, mtu wa milimani! Hata ndege hawakupi kura!" Nikacheka peke yangu. Ukapiga tena mara tatu au nne, nikakujibu tena. Halafu ukanyamaza, na mimi nikasema moyoni, leo nimemshinda.

Nimeweka kalamu chini nikairudia kichwani asubuhi ile. Mara ya ngapi sijui.

Muda si mrefu watu wawili walipita juu ya tuta, chini ya dungu langu. Mmoja simjui, alikuwa amefunga uso kwa shati. Wa pili alikuwa Kombo. Alikuwa na panga, suruali imelowa mpaka kiunoni, lakini bondeni nani asiyelowa, na nani asiyebeba panga? Akainua macho. "Leo ndege wengi, mheshimiwa," akasema. Nikamwuliza kama wameondoka. "Wameondoka," akasema, akaenda zake bila haraka yoyote.

Saa nne nikachukua muhogo wa kuchemsha, nikaja kwako kama kila siku. Ngazi yako ilikuwa imeanguka. Ulikuwa kifudifudi kwenye maji ya mpunga na kisogo kimefunguka. Mkono wako wa kulia uliishia kwenye kifundo. Kiganja kilibaki juu dunguni, karibu na bati, na vidole vilikuwa bado vimeshika fimbo ya kupigia. Nilikugeuza. Mdomo ulikuwa umejaa tope, nikalitoa kwa kidole kama mtu anayemsafisha mtoto. Nikakuita kwa matusi yote ninayoyajua, maana sikujua kukuita vingine. Wewe ambaye hukuwahi kukosa jibu, siku hiyo ulikosa.

Mchana huohuo, maiti yako haijarudi kutoka hospitali ya Kibiti, Kombo alikuja kwangu. Akakaa mkekani, akala wali wangu. Akauliza taratibu, "Mheshimiwa, miye na weye leo tumeonana?" Nikasema hatujaonana. Nilisema huku nammiminia maji ya kunawa. Polisi waliponiuliza, nikasema sikuona mtu na sikusikia kitu. Hofu ilinikamata, Shamte. Niliona kiganja chako kila nilipofumba macho, na nikapenda kiganja changu.

Jumamosi, siku uliyosema utasoma majina, tukakuzika. Nilijua kazi ya mtani msibani. Nikaingia kaburini kabla yako, nikajinyoosha, nikasema toka hapa, kiwanja hiki nimekiwahi, wewe rudi milimani kwenu. Hakucheka hata mmoja. Kaka yako Juma alikuwa ameshika jembe. "Si ulisema utamzika?" akaniambia. "Haya, mzike!" Akanishushia mpini mdomoni. Meno mawili ya mbele yakaanguka humohumo kaburini kwako, hukuwahi kuazima kitu kwangu, sasa unayo. Wengine wakashuka wakanipiga mateke ya mbavu mpaka sheikh akaja kuwatoa. Sikuinua mkono. Kila teke lilinipa nafuu kidogo, halafu linakwisha, nataka jingine.

Jioni walichoma ghala langu. Kwa hilo nimekasirika, nisikudanganye. Mbegu zote za msimu ujao ziliungua, na mbwa wangu alifungwa humo ndani. Nilisimama uani na ndoo ya maji nikimtukana Juma, nikikutukana na wewe, nikashindwa kumtukana yule ninayepaswa kumtukana.

Siku ya arobaini shemeji Mwajuma alituma watu waniite. Juma alikuwa mlangoni, akageuza uso, nikapita. Baada ya dua mkeo akaniletea sinia mwenyewe, akakaa chini mbele yangu. Nikadhani atauliza kama ulilia, kama ulisema neno. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Miye nilikuwa kisimani. Nilisikia bati la mume wangu. Nikasikia na weye unamjibu, lile la ndege na kura. Nikacheka, mtani. Ndoo ilikuwa kichwani, nikacheka mpaka maji yakanimwagikia."

Nikarudisha tonge kwenye sinia.

"Kujibu ulijibu kama siku zote," akasema. "Hilo sikulaumu, maana nami nilicheka. Lakini mbona uliwaambia hukusikia?"

Siku arobaini alikuwa anajua kwamba nimesema uongo, na alikuwa ananisubiri. Nikalia mbele za watu, mimi mtani, ambaye kazi yangu ni kuwazuia wengine wasilie. Nikafungua mdomo nimtajie jina. Akanizuia kwa mkono. "Usinitajie miye," akasema. "Miye siwezi kumfunga mtu. Kawatajie waliokuuliza." Akainuka, akaenda jikoni. Juma aliniangalia ninavyolia, akaja akavuta sinia, tukala pamoja, tonge moja moja.

Hiyo ni wiki ya pili sasa. Wiki mbili, mtani, na bado nilikuwa naogopa! Jana Kombo alikuja na shati jipya la kijani, akasema kesho saa kumi anataka awe wa kwanza kuniita diwani. Akaniambia nimshukuru. Hakusema kwa lipi. Nilimtazama mikono yake yote miwili, mizima, imewekwa juu ya magoti, na hapo hofu yangu ikageuka kuwa hasira. Hasira naijua. Hasira naweza kutembea nayo mpaka Kibiti.

Basi hii ndiyo habari yenyewe. Nikimaliza karatasi hii nashuka. Bodaboda ananisubiri barabarani, na Juma atakaa nyuma yangu, amesema mwenyewe nilipomweleza jana usiku, jembe ameacha nyumbani. Nitapita kwanza kwa msimamizi wa uchaguzi, nijitoe. Kiti nilichotengewa kwa panga sikikalii. Kisha nitakwenda kituoni, niseme nilisikia, niseme nilijibu, niseme aliyepita chini ya dungu langu ni nani na alisema nini. Wataniuliza kwa nini nimechelewa. Nitasema nilikuwa mwoga, waandike.

Huenda Kombo ana wenzake. Huenda mabua haya hayataniona msimu ujao. Ikiwa hivyo nisogezee nafasi, na hayo meno yangu niyakute.

Ila nikibaki, sikiliza. Shemeji Mwajuma amesema msimu ujao atakaa dunguni kwako mwenyewe. Bati lako limebonyea, damu imeingia kwenye kutu na haitoki, naye amekataa kulibadilisha. Jana usiku, Kombo alipoondoka, nilizunguka bonde zima, mlango kwa mlango, nikawaambia watu nilivyolijibu bati lako, hata waliotema mate. Nimewaomba jambo moja, na wamekubali: bati likilia ovyo ovyo, mtu asijibu. Ashuke, aende.

Lala, Shamte. Mungu akurehemu na akusamehe, na mimi unisamehe ukipata nafasi. Bati lako likilia tena sitalijibu. Nitakuja.

Mtani wako,
Athumani