Bega la Mama

Jumanne

Nilipiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama alirudi kutoka kufua nguo za watu kule Nyayo Highrise akisema bega limechoka. Nikamwomba asukume ukuta kwa viganja, kama kitabu cha baiolojia kinavyoonyesha. Mfupa bapa wa bega la kulia ukachomoza mgongoni kama bawa. Msuli unaoushikilia mbavuni umelegea, sawasawa na kwenye picha.

"Mama, nimeupata!"

Akacheka. "Haya, daktari wangu. Na huwa unapona?"

Kitabu hakisemi.

Akavaa blauzi kwa mkono mmoja, polepole. "Usiambie babako. Kesho niko na nyumba mbili za kufulia."

Jina la msuli huo nimelikariri. Umemuuma tangu lini, sikumuuliza.